Ubao wa Rangi

Ilpo aliniuliza, "Tangi lako lina umri gani?"
Nikasema, "Miezi mitano."
Lilikuwa na wiki tatu.
Nilidanganya kama watu wanavyodanganya kwenye kiti cha daktari wa meno
wakiulizwa habari ya sukari,
nami nayajua hayo, maana kazi yangu ni meno:
miaka ishirini na sita, Tampere, chumba cha nyuma cha kliniki,
nachonga magego ya watu nisiowahi kuwaona wakicheka.

Nikatoka dukani na mfuko wa maji chini ya koti,
kifuani, kwa ajili ya joto,
barabara imeganda, mabasi yakienda kwa kunyata,
na ndani ya mfuko tumbawe la ukubwa wa kidole gumba,
zambarau, lenye vijitawi kama mswaki uliochakaa.
Aliniita kutoka mlangoni: "Sirkka!
Mikono yako, ukiweza, ifunge."

Sikuweza.
Asubuhi nililipandisha juu ya mwamba, karibu na taa.
Jioni nikaliteremsha, nikaona linaonewa na mwanga.
Nikaongeza kalisi, maana kalisi naijua,
tone, kisha kijiko,
nikapima, nikashtuka, nikatia dawa ya kuituliza dawa.
Usiku wa manane niliisikia pampu ikinung'unika,
nikaamka kuigeuza itazame kwingine.
Mtoto anayelelewa hivi angehama nyumbani akiwa na miaka minne.

Kazini tuna ubao wa rangi:
meno kumi na sita yamepangwa kwenye kishikizo,
kutoka nyeupe ya maziwa hadi njano ya mvuta tumbaku.
Niliuleta nyumbani, nikauweka juu ya kioo kila jioni.
Kwa siku nane tumbawe halikulingana na jino lolote,
na hiyo ndiyo ilikuwa afya, sikujua.
Siku ya tisa shina likalingana na jino la kumi na moja.
Siku ya kumi na mbili, la tano.
Ngozi ilikuwa ikipanda, ikiacha mfupa chini,
kama sketi ya mtu anayevuka mto.
Ijumaa lote lilikuwa jino la kwanza,
jeupe, safi, kazi nzuri kuliko yangu.

Nilirudi dukani na ukweli.
Ilpo hakunikemea. Alinipa konokono wanne
na kalenda ya duka la matairi.
"Tia alama," akasema, "kila siku ambayo hukufanya kitu."
"Na maji yanayopungua?"
"Hayo rudisha. Matamu, si ya chumvi. Chumvi haipai.
Mengine yote, kalia mikono."

Februari ina alama tisa tu. Machi, kumi na saba.
Mwani wa kahawia ulikuja, ukatambaa, ukatamba,
ukaishiwa na la kusema.
Mei, ubavuni mwa mwamba, doa la waridi, dogo kama mkato.
Sikuligusa. Nilitia alama.

Septemba likaingia la pili, kijani,
likakaa nilipoliweka. Narudia: nilipoliweka.
Taa zikizimika hutoa minyiri yake, mifupi, mingi,
ikipapasa giza bila pupa,
nami niko kwenye kigoda, viganja chini ya mapaja,
vimekufa ganzi.

Jana ncha zake zilikuwa nyeupe.
Nikachukua ubao: jino la kwanza. La kwanza kabisa.
Nikampigia Ilpo saa tano na nusu usiku, sauti hainitoki.
"Shina?"
"Kijani."
"Ncha tu? Zote?"
"Zote."
Nikasikia akivuta blanketi.
"Linakua, Sirkka. Hapo ndipo linapojenga.
Rangi bado haijafika."
Akakata simu.

Nikasimama gizani na lile jino mkononi,
jeupe lile lile,
nikaanza kutafuta kalamu.